Ukungu Kwenye Upanga wa Lobokat

Nakiru alipomwona mjukuu wake akiburuta sanduku la bati kutoka kando ya kitanda, alijua maneno yake yameishiwa nguvu. Tangu asubuhi alikuwa akimsihi. Alikuwa amelia, akanyamaza, kisha akamshika magoti kana kwamba Lochoro ndiye mzee na yeye ndiye mtoto. Yote hayo yalimpita kijana kama upepo unavyopita kwenye mgunga: majani yanatikisika, miiba inabaki pale pale.

"Ata, nipe ufunguo." Wajukuu wa Kiturkana huwaita nyanya zao Ata, na hata leo, na hasira yote ile, Lochoro hakulisahau jina hilo.

"Sina ufunguo."

"Basi nitavunja."

"Vunja. Moyo umeshauvunja, kufuli ni nini?"

Lochoro akachukua nyundo. Lakini kabla ya kugonga, aliinua Biblia ya nyanya yake iliyokuwa juu ya sanduku, akaiweka kitandani taratibu, na miwani akaiweka juu ya Biblia ili isije ikakanyagwa. Nakiru aliliona jambo hilo dogo, akalifungia rohoni. Mtoto wangu bado yumo humo ndani, alijiambia. Kisha nyundo ikagonga, kufuli likaanguka.

Baba yake kijana huyo, Stephen, mwana wa pekee wa Nakiru, alikuwa amelala mochari. Watu wenye bunduki walivamia malisho kule Gotu alfajiri ya jana, wakaswaga mbuzi wote, wakamwacha Stephen mchangani na fimbo yake mkononi. Nakiru alikwenda kumtambua. Mfanyakazi wa mochari, mtu asiyemjua kabisa, alikuwa amemfunika Stephen miguu kwa leso yake mwenyewe kwa sababu shuka la pale lilikuwa fupi. Nakiru alimshukuru.

Sasa vijana wa mtaa wa Chechelesi walitaka kufuata nyayo. Lori la kubeba kokoto lingepita kuwachukua kabla ya magharibi. Ekal, aliyekuwa akiwakusanya, alikuwa ametoa sharti moja: asiye na kitu mkononi asipande. Lochoro alikuwa mbeba mizigo sokoni. Hakuwa na bunduki wala mkuki. Ndipo akakumbuka upanga wa babu wa baba yake.

Alikuwa ameshautoa. Ulikuwa umefungwa kwenye ngozi ya mbuzi iliyolainika kwa umri, na harufu ya mafuta ya kondoo ikajaa chumba kizima. Haukuwa upanga mrefu. Ungeuweka kwenye mkono, ungeanzia kiwiko na kuishia kwenye ncha za vidole, au kupita kidogo. Ala yake ilikuwa ya mti, imepakwa rangi nyeusi iliyopasuka pasuka kama ardhi ya bwawa lililokauka. Mpini ulizungushiwa uzi mzito wa hariri, na chini ya uzi ilionekana ngozi nyeupe ya samaki yenye vipele.

Lobokat, babake Nakiru, alirudi nao kutoka vita vya Burma. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na aliurithi kwa njia ambayo askari huurithi, nayo hakuisimulia. Alisema tu kwamba mwenye upanga alikuwa kijana mdogo wa Kijapani, mdogo kuliko yeye, na kwamba alipokufa yeye ndiye aliyemfumba macho. Hadi anakufa, Lobokat aliupaka mafuta kila mwezi ulipoandama. Nakiru aliirithi kazi hiyo pamoja na sanduku.

Uzuri wake alikuja kuuelewa baadaye sana, Lochoro akiwa bado mtoto wa kubebwa. Mjapani mmoja mpole, Bwana Murase, alikuja kuchimba visima upande wa Gotu, na Stephen akapata kibarua kwake. Siku moja Stephen akamleta nyumbani, mtaa wa Bulla Pesa, akamwonyesha upanga. Mjapani yule alivua viatu mlangoni. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo na suruali yake safi, akauinamia upanga kwanza kama mtu anayemwamkia mzee, ndipo akauchomoa polepole, makali yakiangalia juu. Hakugusa chuma kwa kidole hata mara moja. Aliushikilia kwenye mwanga wa mlango mpaka chai ikapoa.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "angalia hapa. Ukungu."

Na kweli, Nakiru alikiona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikipaka mafuta miaka yote. Kandokando ya makali, kuanzia mpini hadi ncha, palikuwa na utepe mweupe wenye mawimbi, kama ukungu unavyolala kwenye mto Ewaso Nyiro asubuhi ya baridi. Ukiuinamisha upanga, unapotea. Ukiuinua kidogo, unarudi.

Murase alieleza na Stephen akamsaidia maneno. Fundi aliyeufua aliishi zamani sana, zaidi ya miaka mia tatu nyuma. Alikunja chuma na kukifua, akakikunja tena, mpaka kikawa na nyuzi kama mti. Kabla ya kukitia motoni mara ya mwisho alikipaka udongo, mgongoni mzito, kwenye makali mwembamba kama ute wa yai. Kilipoiva alikizamisha majini. Makali yakapoa ghafla, yakawa magumu. Mgongo ukapoa polepole ndani ya udongo wake, ukabaki laini, ili upanga ukipigwa usivunjike. Na pale udongo mzito ulipokutana na mwembamba, ndipo ukabaki ule ukungu.

"Hauchorwi," alisema Murase. "Moto na maji ndio wanaleta. Fundi anaomba tu."

Kisha alisukuma kijiti kidogo cha mwanzi kwenye mpini, mpini ukatoka, na chini yake, kwenye chuma chenye kutu nyeusi, palikuwa na herufi zilizochongwa kwa patasi. Jina la fundi. Alilisoma kwa sauti. Nakiru alilirudia mara nyingi siku ile, na kesho yake likamtoka kichwani, jambo lililomuuma hadi leo.

Alimwambia mgeni, "Uchukue basi, uurudishe kwa watu wake." Murase akakataa kwa mikono miwili. Alisema watu wake hawajulikani, na mtu anayeupaka mafuta ndiye mtu wake. Aliacha onyo moja tu, akalirudia mlangoni akifunga viatu: usiutie jiwe. Kule kwao mtu husoma nusu ya maisha yake kabla ya kuruhusiwa kuusugua upanga kama ule. Jiwe baya la kunolea, alisema, linaufuta ukungu huo kwa muda mfupi kuliko wa kupika ugali.

Tangu hapo kila Krismasi Stephen aliutoa upanga, akambeba Lochoro mlangoni, akauinamisha na kuuinua. "Umeenda! Umerudi!" Na mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Lochoro huyo ndiye sasa aliyekuwa amesimama katikati ya chumba, akauchomoa upanga kwa pupa na kuujaribu kwenye kamba ya katani iliyoning'inia ukutani. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda juu ya chuma, mazito kama nta. Makali yakateleza. Kamba ikacheza tu.

"Haukati!" alisema, na sauti yake ikapasuka. "Hata huu haukati!"

Nakiru alijua unakata. Alijua kuliko mtu yeyote. Mwaka ule wa ukame, mkaza mwana wake aliposhikwa na uchungu njiani, mbali na hospitali, ni Nakiru aliyempokea Lochoro, na ni upanga huo, uliochemshwa kwenye sufuria, uliokata kitovu chake. Uligusa tu. Haukuhitaji nguvu. Angemwambia, "Futa mafuta, mwanangu," na kazi ingekuwa imekwisha.

Nje jua lilikuwa limeanza kuinama. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshasikika kutoka msikitini. Mpaka magharibi kulikuwa na muda, si mwingi.

"Umelala sana," alijisikia akisema. "Chuma kikilala hivyo ni lazima kiamshwe kwa jiwe."

"Nipeleke kwa yule jamaa mwenye mashine ya grainda?"

"Grainda itauchoma. Babangu alikuwa akiuamsha kwa mkono. Kaa chini, nitakuonyesha."

Akatoka uani. Jiwe la kunolea lilikuwa karibu na pipa, jiwe la mchanga la kunolea mapanga ya kukatia kuni, kavu na lenye meno. Alipoliinua, lilikuwa zito kuliko siku zote. Mungu wangu, alisema, nisamehe. Na wewe fundi, popote ulipo, nisamehe. Nimezika mume. Kesho kutwa namzika mwana. Sina kitu kingine cha kumshikilia huyu.

Akarudi na jiwe na beseni la maji.

"Anza upande mmoja. Laza upanga bapa. Usibonyeze. Kutoka mpini kwenda ncha, halafu unainua, unachovya maji, unafuta, unaangalia. Ndipo unarudia."

"Itachukua muda gani?"

"Unaambiwa unaamsha, wewe unauliza saa? Mtu akiamshwa kwa teke anaamka vizuri?"

Lochoro akaketi kwenye kigoda. Jiwe likaanza kulia, krr, krr, na Nakiru akakaa mkabala naye, mikono mapajani, akitazama.

Alitazama yote. Mkwaruzo wa kwanza ulipita juu ya ukungu kama ukucha kwenye uso wa mtoto. Wa pili ukafuata. Chuma kilichokuwa kikimeta kama maji kikaanza kugeuka kijivu, rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mawimbi ya karibu na mpini yakaenda kwanza. Nakiru alifikiria mikono ya yule fundi ikipaka udongo, kwa uangalifu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Alifikiria mvulana wa Kijapani aliyefumbwa macho na Lobokat. Hakuna aliyejua ukungu wake ungeishia hapa, kwenye beseni la plastiki, Bulla Pesa.

"Hapo umeenda haraka," alisema. "Rudia."

"Ata, mkono unauma."

"Wacha uume. Chovya maji."

Wakonyo akabisha hodi. Alikuwa mwenye duka la jirani, mama wa Kikuyu ambaye mtaani walimwita Mama Kate, na alikuwa ameacha duka wazi mchana kutwa akikimbia huku na kule kwa ajili yao. Alileta chupa ya chai na mkate uliokatwa.

"Mama Stephen, nimempigia chifu tena," alinong'ona. "Anasema gari la polisi liko huko Gotu, litarudi likirudi." Kisha akaona upanga, akaona jiwe, akashika mdomo. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliowahi kuonyeshwa ukungu ule. "Ngai! Mama Stephen, si ulisema hiyo kitu haiguswi na—"

Nakiru alimtazama. Wakonyo alimwangalia kijana, akaangalia jiwe, akaangalia mlango, na Nakiru akaona jinsi jambo lote lilivyomwingia rafiki yake na kutua. Wakonyo akachukua chupa.

"Na chai ipoe?" alisema kwa sauti kubwa. "Lochoro, kunywa kwanza. Mkono mkavu haunoi kitu. Kunywa, nimeweka tangawizi."

"Sitaki chai, Mama Kate."

"Nilikuuliza kama unataka? Nimekuambia kunywa."

Akanywa. Ilichukua muda kidogo, na muda huo Nakiru aliupokea kama sadaka. Wakonyo alimmiminia kikombe cha pili kabla hajamaliza cha kwanza, akaanza kumwuliza kama suti ya kumzikia baba imepigwa pasi, na ni nani atakayebeba msalaba. Lochoro alijibu kwa mkato. Lakini alijibu.

Jiwe likarudi kulia. Kivuli cha mlango kikasogea mpaka kwenye beseni. Sasa ukungu ulikuwa umebaki kipande karibu na ncha, urefu wa kidole, na ulikuwa mzuri kuliko wakati wowote, kwa sababu jua la jioni liliupiga ubavuni.

Hapo lori likapiga honi.

Lilisimama nje ya ploti, injini ikinguruma. Sauti za vijana zikasikika, mmoja akicheka kicheko cha mtu mwenye hofu. Ekal aliingia bila kubisha, bunduki ya zamani ikiwa begani chini ya shuka. Alipomwona Nakiru alivua kofia, hata yeye. Kisha akamwona Lochoro na beseni lake.

"Buda, ni nini hii? Tunaenda vita, wewe unaosha vyombo?"

"Ngoja. Haujawa tayari."

"Ngoja nini? Wale hawatungojei. Umekuwa msichana wa kusugua sufuria siku hizi? Baba yako yuko kwa friji, bro. Kwa friji!"

Lochoro akasimama. Maji yalimdondoka vidoleni. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa asubuhi. Muda ambao Nakiru alikuwa ameununua ulikuwa umeisha, na haukutosha.

Kijana aliuinua upanga mlangoni ili auangalie makali. Mwanga ukaupiga. Aliuinamisha kidogo, akauinua, kama mkono unavyofanya jambo ulilofundishwa utotoni bila kichwa kujua. Akarudia. Kipande cha ncha kikaenda, kikarudi. Kwingine kote hakukurudi kitu.

"Ata," alisema. "Ukungu uko wapi?"

Nakiru aliliangalia jiwe.

"Ata. Ule wa Baba. Uko wapi?"

"Umeufuta, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyeniambia..." Akageuka, akaivuta kamba ukutani, akafuta mafuta yaliyobaki kwenye ncha kwa shati lake, pale jiwe halikuwa limefika. Aligusa kamba kwa ncha hiyo. Aligusa tu. Kamba ikaanguka vipande viwili, bila sauti.

Ekal akapiga mluzi. "Hiyo ni moto! Si uko tayari? Twende!"

"Ulikuwa mkali," alisema Lochoro, akimtazama nyanya yake.

"Tangu asubuhi. Tangu kabla hujazaliwa. Ndio uliokukata kutoka kwa mama yako." Nakiru alisema bila kusimama. "Nimekudanganya. Mjapani alisema usiguswe na jiwe, nikakupa jiwe. Sikuwa na kitu kingine cha kukufanya ungoje. Ningekuwa na kingine ningekupa hicho. Sasa unakata, na mimi siwezi kukuzuia. Nenda kama unaenda. Lakini ujue babako niliambiwa nimtambue kwa kutazama miguu yake, uso hawakunionyesha, Lochoro. Kwa miguu. Wewe sitaweza."

Honi ikalia tena, ndefu.

Lochoro alikuwa bado ameshika upanga. Alijaribu kuuinamisha na kuuinua tena, tena na tena, haraka, kama mtu anayepuliza moto uliokufa. "Alikuwa ananibeba hapa," alisema. "Hapa mlangoni. Na mimi nimeufuta." Akaketi kwenye maji yaliyomwagika, akalia kilio ambacho hakuwa amelia tangu habari zilipofika.

Ekal alisimama pale. Mkono wake ulikuwa ukishika na kuachia mkanda wa bunduki.

"Lochoro. Wenzako wanakungoja."

"Nendeni."

"Watasema uliogopa."

"Waseme."

"Na wewe, kijana wangu?" Nakiru alimwuliza Ekal. "Nyanya yako yuko wapi saa hii?"

Ekal aliangalia chini. "Alikufa, mama," alisema. Akavaa kofia yake, na alipotoka alirudisha mlango taratibu ili usigonge.

Lori likaondoka. Nakiru aliusikiliza mngurumo wake mpaka ukamezwa na kelele za soko. Lilikuwa limejaa wajukuu. Alimwombea kila mmoja, na Ekal akamwombea mara mbili, na hakuhisi furaha yoyote. Wakonyo alikuwa chini, akikausha sakafu kwa kanga yake mwenyewe, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Baada ya kitambo Lochoro akanyoosha mkono. Nakiru akaelewa, akampa kopo la mafuta ya kondoo na kipande cha ngozi. Kijana aliupaka upanga kutoka mpini kwenda ncha, polepole, kama alivyokuwa ameelekezwa wakati wa kunoa. Adhana ya magharibi ikaanza.

"Ata," alisema bila kuinua macho. "Na kesho nikiamka na hasira ile ile?"

Nakiru aliuchukua upanga mikononi mwake. Akaugeuza. Upande wa pili haukuwa umeguswa, na katika mwanga mdogo uliobaki mlangoni ukungu wote ulikuwepo, kutoka mpini hadi ncha, vile vile fundi alivyouacha.

"Bado kuna upande huu," alisema. "Na jiwe liko hapo."